Bunduki ya Mzee Omer

Stafford, Texas
14 Oktoba 2018

Mama Angel,

Mchungaji Nyaga ameshinda. Nimenunua karatasi na kalamu, nimekaa mezani kama mwanafunzi wa sekondari. Aliposema kwamba mimi na wewe tukishika simu tunagombana au tunanyamaza, sikuwa na la kubisha. Wiki iliyopita tulinyamaza mpaka nikawa nasikia friji yetu ikinguruma huko Mansfield. Basi tuandikiane, tuone.

Sijakueleza vizuri ninaishi na nani. Mgonjwa wangu anaitwa Omer, Mzungu wa Louisiana, mjane, alikuwa fundi mashine katika kiwanda cha vifaa vya kuchimbia mafuta. Miguu haimbebi bila fremu yake ya kutembelea, na mikono inatetemeka. Namwogesha, nampikia, nampa dawa, nalala chumba cha jirani ili akiita nisikie. Binti yake yuko mbali kabisa, Oregon, anapiga simu Jumapili. Kuna jirani wa ng'ambo ya barabara, Bwana Claude, naye mzee wa huko huko Louisiana, anayekuja kila asubuhi kunywa kahawa na kubishana. Huyo ndiye ndugu yake wa kweli.

Sasa usicheke. Mchana tunatengeneza bunduki.

Si bunduki za siku hizi. Wawindaji wa kwetu na magobori yao unawakumbuka. Hii ni ya ukoo huo. Ni nakala ya bunduki za Waingereza wa karne ya kumi na saba, gumegume za mwanzo mwanzo kabisa. Mzee aliianza kabla mikono haijamkataa. Sasa anakaa kwenye kiti pale gereji, ananielekeza, mimi napiga tupa. Ubavuni ina bamba la chuma, bapa, lisilo na urembo. Juu ya bamba kuna kichwa chenye mataya mawili yanayouma jiwe; wenyewe wanakiita jogoo. Nyuma ya jogoo kuna kikulabu kidogo, wanakiita mbwa. Jogoo akivutwa nusu, mbwa anamng'ata mgongoni, na hapo hata uvute kifyatulio kwa nguvu zako zote hakitokei kitu. Mzee anasema bunduki za baadaye ziliacha kuwa na mbwa, na ndiyo maana yeye anaipenda hii.

Leo nimekaa na huyo mbwa tangu tumalize kula. Unajua, tangu tumzike mtoto wetu mwezi wa tatu, ndiyo mara ya kwanza nimepitisha saa nzima bila kuiona ile wodi.

Kula vizuri.

Baba Angel


Mansfield, Texas
28 Oktoba 2018

Baba Angel,

Barua imefika. Nimeisoma kwenye gari, nje ya kliniki, nikachelewa kazini.

Huku tupo. Watu wa kanisa wamepunguza kuja, na siwalaumu, wamekuja sana. Chumba cha Angel sijakigusa. Yule mwalimu wake ameleta bahasha ya michoro waliyoikuta darasani. Nimeiweka juu ya kabati bila kuifungua. Nakusubiri tuifungue wote, au usipotaka basi.

Nafurahi kwamba umepata kitu cha kushika. Lakini bunduki, Isack? Kati ya vitu vyote vilivyoko Texas? Wewe ambaye ulikuwa unamkataza Angel hata bastola ya maji? Niambie jambo moja tu: hicho kitu ni pambo la ukutani au kinaua?

Halafu nikuulize lingine, kwa kuwa kwenye simu siwezi. Pale makaburini, watu walipokuwa wanatawanyika, uliniambia hutaki mtoto mwingine. Ulisema sote wawili tunabeba sikoseli damuni na hatuna haki ya kumleta mtu mwingine duniani aje kulia vile. Sikukujibu. Mpaka leo sijajua kama ulikuwa unaniuliza au unaniarifu.

Krismasi uje.

Mama Angel


Stafford
20 Januari 2019

Mama Angel,

Asante kwa Krismasi. Asante kwa zile siku tatu na kwa ndizi za nyama. Nilipofika huku mzee alinitazama akasema, "Leo una uso wa mtu." Sikujua kumbe huwa sina.

Nilikimbia swali lako la Oktoba, ngoja nilijibu. Si pambo. Ni nakala, lakini nakala ya kitu kinachofanya kazi, na chenyewe kitafanya kazi. Mtutu niliuagiza mimi kwa posta, kwa jina langu, na hakuna aliyeniuliza chochote. Sheria ya hapa haiihesabu pamoja na bunduki za kawaida kwa sababu ni ya mtindo wa kale. Haina namba wala nembo ya kiwanda. Ndani ni laini tupu, haina ile mizunguko ya bunduki za sasa. Kitako kimepanuka mwishoni kama mkia wa samaki. Nimekichonga kwa mti wa jozi na kukisugua mafuta hadi kinateleza kama mgongo wa mtoto aliyetoka kuoga.

Inavyofanya kazi ni hivi. Baruti kidogo unaimwaga kwenye kibakuli cha nje. Jogoo akishuka, jiwe linakwaruza chuma, cheche zinaangukia kibakulini, moto unaingia kwa tundu dogo kwenda kuitafuta baruti iliyoko ndani. Kwa hiyo cheche ikishatoka, kunapita kama pumzi moja ndipo mlio uje. Mzee anasema wapigaji wengi hawaiwezi pumzi hiyo: wanashtuka, wanafumba macho, mkono unacheza. Inatakiwa utulie ukijua kwamba limeshaanza na huwezi tena kulirudisha. Mimi naifikiria sana pumzi hiyo. Ukimvuta jogoo hadi mwisho, mbwa anaachia mwenyewe, anadondoka nyuma, na hapo hakuna kinachozuia tena.

Kumbe naandika mambo ya chuma tu. Nisamehe. Mengine hayaandikiki.

Baba Angel


Mansfield
10 Februari 2019

Baba Angel,

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Siku ile ya pili ya Krismasi nilikukuta umesimama katikati ya chumba cha Angel, taa hujawasha. Nikakuuliza vipi, ukasema, "Nimechoka, Abi." Nilidhani ni safari. Sasa nakuuliza tena. Umechoka nini?

Hiyo pumzi unayoifikiria, unaifikiria vipi? Ya nani?

Huku tumbo linanisumbua kidogo na asubuhi chakula hakipandi, si jambo la kukutia wasiwasi. Kuna neno nataka kukwambia, lakini si la karatasi. Njoo mwezi wa tatu. Mwombe binti wa mzee atafute mtu wa kukushikia hata wikiendi moja. Na hiyo bunduki ikae kwa mzee, isiwe chumbani kwako. Niahidi hilo kwa maandishi.

Abigail


Stafford
24 Februari 2019

Mama Angel,

Mwezi wa tatu sitaweza. Mzee amedhoofika, na mtu wa kunishikia hajapatikana. Hilo neno liandike tu, au nitalisikia Pasaka.

Kuhusu kuchoka, usiwe na hofu, ni uchovu wa kawaida. Mzee naye anasema amechoka, tunaelewana. Tumepanga kwamba bunduki ikikamilika, tutachagua siku moja tulivu twende shamba la rafiki yake nje ya mji, tuipige mara moja. Mara moja tu, inatosha. Baada ya hapo sina mpango wowote. Sioni haja ya kupanga sana siku hizi, na kusema kweli nina amani kuliko mwaka mzima uliopita.

Nguo zangu za baridi zilizoko kabatini mpe mtu anayezihitaji, mimi sitazihitaji tena. Vitu vya Angel navyo ukipata nguvu vigawe. Usinisubiri mimi. Ile bahasha ya michoro ifungue wewe.

Bunduki iko chumbani kwangu kwa sababu gereji ina unyevu na chuma kinashika kutu. Naipaka mafuta kila siku. Ijumaa ya wiki ijayo nadhani tutakuwa tumemaliza.

Umekuwa mke mwema kwangu. Sijakuambia vya kutosha.

Isack


Stafford
12 Machi 2019

Abi,

Usisikie kwa watu kabla hujasikia kwangu. Mimi ni mzima.

Ijumaa mchana nilikuwa gereji, mlango uko wazi kwa ajili ya hewa. Mzee kwenye kiti chake. Nilikuwa nimeishika bunduki kwa mikono miwili nikiufuta mtutu. Haikuwa na baruti, haikuwa na kitu, na mbwa alikuwa amemng'ata jogoo kama kawaida. Magari mawili ya askari yakasimama. Wakashuka bastola mkononi, wakijikinga na milango, wanapiga kelele niweke chini. Abi, nilishindwa kuweka chini. Si ubishi. Vidole havikufunguka. Nilisikia mmoja anasema, "Sir, sir, usifanye hivyo, tuko hapa kukusaidia," na mwingine ananihesabia. Nikawa nawaza kwamba nikiinama vibaya wanafyatua, na nisipoinama wanafyatua.

Mzee ndiye aliyeniokoa. Aliinuka bila fremu yake. Alipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kwamba bado anayo: "Ni yangu! Ni yangu, nimeitengeneza mimi, mwacheni!" Akaja akasimama mbele yangu, kati yangu na wao. Halafu akateleza kwenye mafuta. Niliusikia mfupa.

Hapo ndipo vidole vikafunguka.

Askari mmoja, kijana, alipiga magoti akamshikia kichwa mpaka gari la wagonjwa likaja. Aliniambia walipigiwa simu kwamba kuna mwanamume ana msiba, ana bunduki, anataka kujiua. Nikamwambia mmekosea nyumba.

Mzee amevunjika nyonga, wamemfanyia upasuaji. Amekwishaamua kwamba aliyepiga simu ni Claude, maana Claude peke yake ndiye aonaye gereji yetu, na walikuwa wamegombana juu ya bunduki hiyo. Claude alikuwa akisema Mwafrika kushika bunduki mlango wazi katika mtaa huu ni kumtafutia kifo. Alipokuja hospitali mzee aligeukia ukutani. "Mwambie atoke," akaniambia, na mimi nikamwambia atoke.

Isack


Mansfield
17 Machi 2019

Baba Angel,

Namshukuru Mungu kwamba u hai. Nimelia mpaka nimeishiwa.

Huyo Bwana Claude usimhukumu. Hujui ni nani aliyepiga simu. Mwambie na mzee asimhukumu. Nakuomba sana, mwambie hata leo.

Nitakuandikia vizuri nikipata nguvu. Niko kitandani, daktari amenipumzisha.

Abigail


Stafford
22 Aprili 2019

Mama Angel,

Mzee Omer amefariki siku ya Alhamisi. Baada ya upasuaji aliingiwa na nimonia, mapafu hayakuweza. Nilikuwa nimemshika mkono.

Binti yake alifika siku mbili kabla. Mwanamke mpole. Alimwuliza baba yake mbele yangu kama anataka Claude aitwe. Mzee alikuwa amevaa ile barakoa ya oksijeni, akatikisa kichwa. Akamwuliza tena. Akaivuta barakoa akasema, "Miaka yote ile. Angenijia mlangoni. Hakuwa na haja ya kupiga simu." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema yakaeleweka.

Claude hakuja mazishini. Alikuja siku iliyofuata na sufuria la mchuzi wa kamba na wali, kama wanavyopika kwao mtu akifa. Alisimama mlangoni na sufuria lake, kofia ameibana kwapani. Alisema, "Isack, sikupiga mimi. Naapa kwa kaburi la mke wangu." Nikafunga mlango. Nilimsikia amesimama pale nje muda mrefu, kisha akaondoka.

Binti amenipa bunduki. Anasema ndivyo baba yake alivyotaka. Haijawahi kupigwa.

Nahamia Alief kwa mgonjwa mwingine. Anwani iko nyuma ya bahasha. Pasaka sikuja, unajua kwa nini. Ulisema una neno, na ulisema daktari amekupumzisha. Unaumwa nini?

Isack


Mansfield
5 Mei 2019

Isack,

Soma ukiwa umekaa.

Ni mimi niliyepiga simu.

Ile barua yako ya Februari ilifika Alhamisi. Nguo hutazihitaji tena. Huna mpango wowote. Bunduki chumbani, mara moja tu inatosha, amani kuliko mwaka mzima, nimekuwa mke mwema kwako. Isome wewe mwenyewe, nimeiweka humu ndani. Isome kama mke wako. Nilikupigia simu, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena. Asubuhi ya Ijumaa nikapiga tena. Ndipo nikapiga kwa askari wa huko. Nilimwambia yule dada wa kwenye simu kwamba mume wangu amefiwa, ana bunduki, naomba mtu mpole aende akamwangalie. Nilisema mpole. Nilimwambia ni Mwafrika, anazungumza taratibu, wasimkemee. Alisema sawa, mama, wako njiani.

Barua yako iliyofuata ilinieleza nilichokuwa nimekitenda. Nilikaa sakafuni jikoni nikiwaza kwamba nimewatuma watu wakuue kwa kuogopa usije ukafa.

Nilikwambia usimhukumu Claude na sikuthubutu kukwambia kwa nini. Niliona nikisema wakati mzee yuko hospitali utamwambia, naye atakuchukia, utafukuzwa. Nikasema atapona kwanza. Hakupona. Amekufa amemgeuzia rafiki yake mgongo kwa ajili yangu mimi, mtu ambaye hajawahi kumwona.

Na lile neno. Nina mimba, Isack, ya Krismasi. Nilipokuandikia habari za tumbo nilikuwa najua tayari. Daktari amenipumzisha kwa sababu nilianza kutokwa na damu baada ya siku ile, lakini mtoto yupo, nimeusikia moyo wake. Sikukwambia kwa sababu ya ulichosema makaburini. Niliogopa kwamba utaniambia nisimzae. Niliogopa zaidi kwamba hutasema kitu.

Sasa nimesema yote.

Abigail


Alief
19 Mei 2019

Abigail,

Nimeisoma. Nimeisoma na ile yangu ya Februari.

Nguo za baridi nilisema sitazihitaji kwa sababu huku kwetu Houston ni joto.

Usiniandikie kwa sasa.

Isack


Mansfield
6 Oktoba 2019

Isack,

Ulisema nisikuandikie na nimekaa kimya. Lakini hili huwezi kulisikia kwa mchungaji.

Mtoto amezaliwa salama katikati ya mwezi uliopita. Ni msichana. Nimempa jina la mama yako, Prudensia. Sikufanya hivyo ili kukulainisha. Nilimtazama nikaona mdomo wa mama yako, basi.

Unajua kwamba hapa wanawatoboa kisigino watoto wote na kupeleka damu maabara. Majibu ya kwanza yalikuja, wakachukua damu tena ili wahakikishe. Juzi daktari ameniita. Nilijua tangu aliposogeza kiti chake karibu na changu. Anayo. Kama Angel.

Daktari anasema siku hizi kuna dawa bora kuliko wakati ule, na kwamba tumemjua mapema. Kila siku nampa matone ya antibiotiki. Akipata homa yoyote, hata ndogo, ni hospitali moja kwa moja, hakuna kusubiri kuche. Nimebandika karatasi kwenye friji kana kwamba mimi ni mtu wa kusahau.

Wakati ananyonya ananitazama usoni bila kupepesa. Sijutii kumzaa. Nataka ulijue hilo. Nitaogopa kila siku, lakini sijutii.

Sikuombi kitu.

Abigail


Alief
15 Desemba 2019

Abigail,

Nilianza barua nyingi nikazichana. Naandika hii kwa sababu kuna jambo nimelifanya na wewe una haki ya kulijua.

Jumamosi nilikwenda Stafford kwa Bwana Claude. Amekonda. Nilimwambia pale pale mlangoni, kabla hajanikaribisha: "Ni mke wangu aliyepiga simu. Aliogopa kwamba nitajiua. Wewe ulisema kweli na mimi nilikufungia mlango." Alikaa kwenye ngazi ya baraza. Nikadhani atanitukana. Akauliza, "Na ulitaka kujiua?"

Abi, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo wazi wazi. Wewe uliuliza kwa kuzunguka na mimi nikajibu kwa kuzunguka. Nikafungua mdomo nimwambie hapana. Nikajikuta nasema sijui. Nikamweleza kwamba kulikuwa na siku ambazo nilikaa kitandani na ile bunduki mapajani, naipaka mafuta wakati ilikwishapakwa. Sikuwa na baruti chumbani. Lakini nilikuwa najua ilipo.

Kwa hiyo sikudanganyi tena kwamba hukuwa na sababu.

Claude alifuta macho kwa kofia. Akasema, "Basi mwanamke huyo hakukosea nyumba." Halafu akasema, "Mimi Omer ameniachia jina la msaliti. Sina pa kwenda kulirudisha."

Tulichukua bunduki tukaenda nayo shambani, kwa yule rafiki yao, tukatimize alichotaka mzee. Claude aliipima baruti, mimi nikaishindilia kwa mdeki, ule ufito wa kusukumia baruti mtutuni. Nikamvuta jogoo hadi mwisho, mbwa akadondoka. Nikafyatua. Jiwe likakwaruza, moto ukawaka kwenye kibakuli puuu, moshi usoni, nikatulia kama nilivyofundishwa. Nikasubiri. Hakuna. Tulisubiri tena kwa usalama, tukasafisha tundu, tukarudia. Moto nje, ndani kimya. Siku nzima haikulia. Nadhani tundu nililitoboa vibaya, na mzee hakuwa na macho ya kuona. Claude alicheka hadi akakaa chini kwenye majani, kisha akawa halii wala hacheki, ananyonga kofia tu. Nimemwachia yeye bunduki. Hataitengeneza, na mimi sitaitengeneza.

Kuhusu mtoto sijui niandike nini. Nimeisoma barua yako hadi imechanika mikunjo. Nakasirika. Naota anaita, na sijui sauti yake ilivyo. Nilisema pale makaburini kwamba hatuna haki. Ulitaka kujua kama nilikuwa nauliza au naarifu. Nilikuwa naomba uniambie kwamba nimekosea.

Sijawa tayari kuja. Nisipoandika usifikiri vibaya. Ukifikiri vibaya, nipigie mimi, nitapokea.

Isack


Fort Worth, nje ya hospitali
11 Aprili 2020

Mama Angel,

Naandikia juu ya usukani, utavumilia mwandiko.

Mchungaji Nyaga alinipigia jana kwamba mtoto ana homa kali na umelazwa naye. Nimetoka Houston alfajiri. Barabara tupu kabisa, kila mtu amejifungia kwa ugonjwa huu. Pale mlangoni wamenipima joto, wamenipa barakoa, wakaniambia mzazi mmoja tu anaruhusiwa juu, na mzazi yupo tayari. Nikasema mimi ni baba yake. Yule mama wa mapokezi akauliza jina kamili la mtoto na tarehe ya kuzaliwa. Jina nililijua. Tarehe sikuijua. Nilisimama pale kama mwizi.

Hakunifukuza. Akasema, "Unaweza kumwandikia mama yake, nesi atampelekea." Ndiyo maana unashika karatasi hii. Ningeweza kupiga simu. Nimeogopa kwamba nikisikia sauti yako nitawasha gari.

Sikuja kwa sababu nimesamehe yote, wala sidhani kama wewe umenisamehe. Kuna Mzee Omer kati yetu na hatatoka. Kuna Angel. Kila nikiliangalia jengo hili nasikia harufu ya wodi ile nyingine, na miguu inakataa. Lakini wamesema wazazi wanaruhusiwa kubadilishana, mmoja akishuka mwingine anapanda. Najua hujalala tangu juzi.

Niambie tarehe yake ya kuzaliwa ili niwaambie hapa chini. Niambie anapenda kushikwa vipi na dawa ya saa ngapi imebaki. Gari nimeliegesha karibu na mlango, kiti nimekilaza, blanketi lipo.

Shuka ulale. Ni zamu yangu.

Isack